Redio ya gari haina tundu la AUX: muziki uingie kwa mlango gani?

Swali: Nina gari la mwaka 2005, na redio ni ileile iliyotoka nayo kiwandani: FM, AM na CD moja. Haina AUX (tundu la kuingizia sauti kwa waya), haina USB, haina Bluetooth. Nina kicheza muziki kidogo chenye nyimbo nilizokusanya kwa miaka mingi, nacho kina tundu la hedifoni na la kuchajia tu. Nilinunua kifaa cha kurushia FM, kile cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, lakini sauti ina mkwaruzo, na nikienda mbele kidogo inaingiliwa na stesheni. Rafiki yangu ana gari lenye AUX. Nilipochomeka humo huku nachaji kukawa na mlio kama wa mbu, unapanda nikikanyaga mafuta. Je, nibadilishe redio nzima? Sitaki kuharibu dashibodi. Halafu kuna kitufe cha CD-C, nikikibonyeza redio inaandika NO CHANGER na kurudi FM, kwa hiyo huwa sikigusi.

Jibu: Sentensi yako ya mwisho umeitupia tu, lakini kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Redio isiyojua chenja (mashine ya nje inayobeba CD kadhaa na kuzibadilisha) ni kitu gani isingekuambia kwamba haijaiona. Ikiandika NO CHANGER, maana yake imetengenezwa na njia ya kupokea sauti kutoka mashine nyingine iliyo nje yake, imebisha hodi kwenye njia hiyo, haikuitikiwa, ikakurudisha FM. Kwa hiyo redio mpya usinunue kwanza, na hicho kifaa cha FM kiweke kando. Mlango karibu hakika unao tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuitikia hodi.

Nianze na redio yenyewe ilivyo ndani, maana ukishaelewa hapo hakuna muuzaji atakayekuzungusha. FM, AM na CD zote zinaleta sauti kwenye swichi moja ya kuchagua. Sauti ikifika hapo bado ni changa, haizidi volti moja au mbili, haiwezi kusukuma spika yoyote. Kutoka kwenye swichi inapita sehemu ya kurekebisha besi, treble na ukubwa wa sauti, ndipo inaingia amplifaya na kwenda kwenye spika. Sauti inayotoka kwenye tundu la hedifoni la kicheza chako nayo ni changa vivyo hivyo, na inatakiwa iingie palepale kwenye swichi. Njia zote utakazosikia watu wakizisifu ni njia za kufika hapo. Nyingine inaingia moja kwa moja kwa waya, nyingine inatoka nje, inazunguka hewani na kurudi kwa antena. Kadiri inavyozunguka ndivyo inavyofika imechoka.

Kuna njia moja isiyo njia kabisa, nayo naitaja kwa sababu nimeletewa vifaa vilivyokufa kwa ajili yake. Usiunganishe kicheza muziki kwenye waya za spika ukidhani sauti itaingilia huko. Waya zile ni mdomo wa redio, si sikio lake. Isitoshe, katika redio nyingi za gari hakuna waya wa spika ulio ethi (upande wa kutoa uliofungwa kwenye mwili wa gari): waya zote mbili, wa kujumlisha na wa kutoa, zinakaa kwenye volti kama 6, nusu ya umeme wa betri. Kicheza kidogo kikipokea hizo kupitia tundu la hedifoni, hakuna fundi atakayekirudisha.

Sasa turudi kwenye chenja. Miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, viwanda vingi viliuza chenja ya CD 6 au 10 kama nyongeza: boksi linalokaa kwenye buti, chini ya kiti au kwenye droo ya dashibodi, na waya mrefu hadi nyuma ya redio. Aliyelipia aliwekewa, asiyelipia hakuwekewa, lakini redio mara nyingi ilikuwa ileile. Ndiyo maana magari mengi yanatembea hadi leo na soketi tupu nyuma ya redio ambayo mwenye gari hajawahi kuiona.

Watu wengi wakishajua hivyo hukimbilia kulehemu waya wa AUX kwenye pini za sauti za soketi hiyo, wakawasha, kimya. Wanadhani wamekosea pini. Hawajakosea. Redio haifungui swichi yake kuelekea kwenye chenja mpaka chenja ijibu. Ukibonyeza CD-C, redio hutuma ujumbe wa data: upo? Chenja hutakiwa kujibu kwamba ipo, ina CD ngapi na imefika wimbo wa ngapi. Jibu lisipofika, pini za sauti zinabaki zimekatwa hata kama umezilehemu kwa ustadi wa sonara.

Kinachotatua hilo ni adapta ya chenja. Ni kiboksi kidogo, kinaingia kwenye soketi ya chenja, na ndani yake kuna kompyuta ndogo ambayo kazi yake ni kudanganya. Redio ikiuliza, kinajibu kwa lugha yake kwamba chenja ipo na inapiga. Redio inaamini, inafungua njia, na sauti inayopita ni ya kicheza chako. Zipo zenye waya wa AUX tu, zipo zenye tundu la USB na kadi ya kumbukumbu, na zipo zenye Bluetooth. Kwako wewe ya AUX inatosha. Lakini ukipata yenye AUX na USB pamoja, chukua hiyo. Siku kicheza chako kitakapozeeka utahamishia nyimbo kwenye flashi, na ukibonyeza kitufe cha wimbo unaofuata kwenye redio, hata kile cha kwenye usukani kama kipo, wimbo utaruka. Kwenye AUX vitufe hivyo havifanyi kitu, unabadilisha wimbo mkononi, jambo ambalo dereva hapaswi kulifanya akiwa barabarani.

Tatizo ni kwamba kila kiwanda kina lugha yake. Adapta ya Toyota haizungumzi na redio ya Honda, na hata ndani ya kampuni moja soketi zilibadilika katikati: Toyota, kwa mfano, ina adapta za pini 5+7 kwa redio za zamani na 6+6 kwa zilizofuata. Jina la gari na mwaka havitoshi. Unahitaji namba ya redio, ambayo imebandikwa kwenye mwili wa redio, si usoni. Yaani itabidi uitoe.

Najua umesema hutaki kuharibu dashibodi. Kutoa redio si kuharibu, ukienda taratibu. Lakini kabla ya bisibisi, tafuta kitabu cha gari na uangalie kama redio yako ina namba ya siri. Redio nyingi za umri huo, zikikatiwa umeme, zikirudishiwa zinadai tarakimu 4 au zaidi, na ukikosea mara kadhaa zinajifunga. Namba hiyo huwa kwenye kadi iliyokuja na gari. Usipoipata, itafute kwa wakala wa gari hilo kabla hujagusa chochote, siyo baada. Ukiwa nayo, zima gari, toa ufunguo, ondoa waya wa kutoa kwenye betri na usubiri dakika kadhaa. Kusubiri ni kwa ajili ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, kwa kuwa mfumo wake hubaki na umeme kwa muda. Soketi za rangi ya njano utakazoziona humo ndani ni za eabegi. Zipite kama hukuziona.

Redio nyingine zina vitundu viwili au vinne usoni, ambavyo huingizwa funguo maalumu za chuma zenye umbo la U, ukasikia mlio wa kubofya, ukavuta. Nyingine zimefunikwa na fremu ya plastiki inayong'olewa kwa kabari ya plastiki, chini yake kuna skrubu nne. Usitumie bisibisi bapa kung'olea fremu. Alama itakayobaki utaiona kila siku ukiwa kwenye foleni. Redio ikitoka, piga picha nyuma yake kabla ya kuchomoa waya wowote, na picha nyingine ya ile karatasi yenye namba.

Kama gari lako linafuata mpangilio wa soketi wa kimataifa uitwao ISO, kama yalivyo magari mengi ya Ulaya ya wakati huo, nyuma utakuta kundi la soketi. Ya A ni ya umeme, ya B ni ya spika, na ya C imegawanyika vipande vitatu vya rangi: njano (hii ni ya redio yenyewe, si ya eabegi), kijani na buluu. Ile ya buluu, yenye pini 8, ndiyo ya chenja. Mbili ni za mazungumzo ya data, mbili za umeme, mbili za ethi, na mbili za sauti, kushoto na kulia. Kwa hiyo adapta inapata kila kitu hapohapo, hata umeme, na hakuna waya wa gari utakaokatwa. Ukiona nafasi ya buluu ipo lakini ndani hakuna pini, basi redio yako ni ile iliyopewa programu bila kupewa soketi. Hutokea. Hapo CD-C imekudanganya wewe na mimi pia.

Onyo kwa wenye magari ya Audi, BMW, Mercedes-Benz na Volvo ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukikuta nyuma ya redio kuna waya mbili nyembamba zisizo na shaba ndani, zenye mwanga mwekundu kwenye ncha, hizo ni nyuzi za mwanga. Mfumo huo unaitwa MOST, na vifaa vyake vimeungwa kwa duara: redio inampa amplifaya, amplifaya anampa simu, hadi mwisho, na wa mwisho anairudishia redio. Ukichomoa mmoja, wote wananyamaza. Adapta zake zipo, lakini huko nashauri uende kwa fundi mwenye kompyuta ya gari lako, kwani kuna magari ambayo hata AUX ya kiwandani haifunguki mpaka iruhusiwe kwenye programu.

Tuseme umetoa redio na mlango haupo. Hapo ndipo FM inaporudi mezani, na nafikiri umeihukumu kabla ya kujua kwa nini ilikusumbua. Vifaa vya kurushia FM vimefungwa mikono na sheria. Ulaya kiwango chake ni nanowati 50, yaani sehemu 50 za bilioni ya wati moja. Marekani wanapima kwa namna nyingine, maikrovolti 250 kwa mita katika umbali wa mita 3, lakini maana ni ileile: mnong'ono. Mnong'ono huo unatoka ndani ya boksi la chuma, ambalo ni gari lako, kwenda kutafuta antena iliyo nje, pengine nyuma kabisa. Na redio ya FM ina tabia moja: katika masafa mamoja husikiliza mwenye nguvu na kumpuuza mnyonge. Ukiwa mahali ambapo masafa hayo ni matupu, wewe ndiye mwenye nguvu. Ukisogea na kukaribia mnara wa stesheni iliyo kwenye masafa hayo, nguvu zinalingana, ndipo unaposikia nyimbo mbili zikigombana, kisha stesheni inashinda. Kifaa chako si kibovu. Wewe ndiye uliyehama.

Kuna jambo jingine linalowatesa watu bila kujua. Kama gari lilitengenezwa kwa soko la Japani, FM yake si hii ya 87.5 hadi 108. Redio nyingi za zamani za huko zinaanzia 76 na kuishia 90. Kifaa chako kinarusha kuanzia 87.5 au 88 kwenda juu, kwa hiyo mnakutana kwenye kipande kifinyu tu, na stesheni za kawaida nazo ziko humohumo zimebanana. Waliofungiwa kile kiboksi cha kuteremsha masafa ili redio isikie stesheni za juu wana mkwaruzo wa nyongeza.

Dawa ya FM kwa asiye na mlango ni kuipitisha kwenye waya. Kuna kifaa kinachokaa kati ya antena na redio: waya wa antena unaingia upande mmoja, unatoka upande wa pili kwenda kwenye redio, na swichi yake inakata antena wakati unasikiliza kicheza chako. Antena ikikatwa, hakuna stesheni ya kugombana nayo. Ubora hautavuka FM yenyewe, ambayo sauti zake nyembamba huishia kama kilohezi 15, lakini ndani ya gari linalotembea tairi zitakuficha tofauti hiyo. Mimi ningeweka hicho kuliko kubadilisha redio.

Wenye redio za kaseti wanacheka wakisoma haya, na wana haki. Ile adapta yenye umbo la kaseti na waya unaoning'inia ni kifaa chenye akili sana. Ndani hakuna mkanda. Kuna sumaku ndogo ya umeme iliyokaa mbele ya kichwa cha kusomea, na kichwa kinaamini kwamba mkanda unapita. Hakirushi kitu hewani, hakiingiliwi na stesheni. Redio ikigeuza upande yenyewe kila baada ya sekunde chache, ni vigurudumu vya ndani ya adapta vimekwama. Ukizima Dolby (kitufe cha kupunguza mkwaruzo wa mkanda) sauti haitakuwa ya kwenye mtungi. Na kama redio yako ya CD ina alama ya MP3 usoni, unaweza kuchoma nyimbo kama mafaili kwenye CD ya megabaiti 700. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja inakula karibu megabaiti moja, yaani karibu saa 12 za muziki. Haiunganishi kicheza chako, lakini inaondoa sababu ya kukiunganisha.

Magari mapya yana matatizo madogo zaidi. Tundu la USB linaweza kuwa la kuchajia tu, na Bluetooth inaweza kuwa ya simu tu: kupiga simu na kupiga muziki ni kazi mbili tofauti ndani ya Bluetooth, na magari kadhaa yalipewa ya kwanza bila ya pili. USB ya muziki ikikataa kusoma flashi, angalia kama flashi imeandaliwa (format) kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32.

Sasa ule mbu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata ukipata adapta nzuri kuliko zote, mbu huyu atakufuata kwenye gari lako kama alivyokuwa kwenye gari la rafiki yako.

Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta unatoka kwenye altaneta. Altaneta inazunguka na injini, na umeme inaozalisha, hata baada ya kunyooshwa, unabaki na mawimbi madogo yanayofuata mwendo wa injini. Mawimbi hayo yapo kwenye kila waya wa gari. Redio haisumbuki nayo ikiwa peke yake. Shida inaanza unapompa mgeni njia mbili za kwenda kwenye ethi. Kicheza chako kilikuwa na ethi ya kwanza kupitia waya wa AUX, hadi kwenye redio. Ulipochomeka chaja, kikapata ya pili kupitia tundu la kiberiti. Ethi hizo mbili zimefungwa sehemu tofauti za mwili wa gari, na kati yao kuna tofauti ya milivolti chache. Milivolti chache ni nini? Sauti kwenye AUX ni kama milivolti 300. Milivolti 3 za altaneta ni sehemu moja kwa mia ya muziki wako, na sikio linazisikia vizuri sana, hasa wimbo unapopungua au kati ya wimbo na wimbo.

Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza nusu siku kwenye gari la mteja nikiwinda mlio huo. Nilibadilisha waya wa AUX mara mbili, nikatoa redio, nikasugua ethi yake kwa msasa mpaka ikang'aa. Mlio upo. Jua likanichosha, nikachomoa chaja ili nichaji simu yangu kwa chaja nyingine, na gari likanyamaza kama limezimwa. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachofanya nikiletewa mlio ni kuchomoa chaja. Wewe ufanye hivyo pia: injini ikiwa inanguruma, muziki unapiga, chomoa chaja. Mlio ukikata, ni ethi mbili. Ukibaki, tatizo liko kwenye redio au waya zake.

Kama ni ethi mbili, njia rahisi ni kuchaji nyumbani na kusikiliza kwa betri ya kicheza. Ukitaka kuchaji safarini, tafuta kitenganishi cha ethi, kile kibomba kifupi kinachoingia katikati ya waya wa AUX. Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo, moja kwa kila upande. Muziki unavuka kwa sumaku bila waya kugusana, na ule mkondo wa ethi hauna pa kupita. Vile vidogo mno hula besi nzito kidogo, na kama wewe ni mtu wa besi utalijua hilo siku ya kwanza. Na usichanganye mbu huyu na msonyo wa chaja dhaifu. Wa chaja haupandi na mafuta. Unakuwepo hata injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa, na mara nyingine unabadilika kioo cha kicheza kikiwaka. Huo ni wa kubadilisha chaja tu.

Waya wa AUX wenyewe usiudharau. Ncha yake ya milimita 3.5 ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ethi. Siku ukisikia mwimbaji amepotea, zimebaki ngoma na mwangwi kama umo ndani ya pipa, usilaumu kicheza. Ethi haijashika. Sauti ya mwimbaji huwa sawasawa kushoto na kulia, na ethi ikikatika redio inasikia tofauti ya pande mbili tu, kwa hiyo kilicho sawa kinafutika. Sukuma pini mpaka mwisho, vua kava la kicheza kama linaizuia, na kama haijakubali badilisha waya.

Ukubwa wa sauti nao una utaratibu wake. Kicheza kiweke kwenye robo tatu hivi, au juu kidogo, na mambo yake yote ya kuongeza besi uyazime. Kisha ukubwa upandishe kwenye redio. Ukifanya kinyume, kicheza chini na redio juu, unakuza mkwaruzo pamoja na muziki, halafu siku unabonyeza FM bila kukumbuka, unashtuka kwa kelele. Ukikiweka kicheza hadi mwisho nacho, ngoma zinaanza kupasuka. Vicheza vingine vina njia ya pili ya sauti kupitia tundu la kuchajia, isiyofuata kitufe cha ukubwa. Ukiwa na waya wake, hiyo ni safi kuliko ya hedifoni.

Unapofunga adapta, chomeka kila kitu kwanza redio ikiwa bado mkononi, rudisha waya wa betri, weka namba ya siri, jaribu. Gari lenye dashibodi iliyofunguliwa linavumilia makosa. Ukiridhika, zungushia kiboksi cha adapta sponji ili kisigonge nyuma ya redio kwenye barabara mbovu, na uipitishe waya wa AUX upande wa droo ya abiria, mbali na usukani na pedali. Toboa tundu ndani ya droo, siyo kwenye uso wa dashibodi. Acha waya wa ziada nyuma kama mita moja, kisha usukume redio ndani polepole ukisikiliza. Ikigoma robo ya mwisho usiilazimishe, kuna waya umekaa nyuma yake.

Halafu bonyeza CD-C. Pengine itaandika CD 1, TRACK 1, na sekunde zitaanza kuhesabu. Usihangaike kutafuta CD hiyo iko wapi.